Kalsiamu katika ukuta wa bibi

Lipu ya chumba cha bibi ilianguka usiku wa mvua kubwa ya masika, na ilianguka kwa pande moja pana kuliko mlango. Asubuhi nilipoingia nililikuta bamba la saruji limelala sakafuni, zima, gumu, halina ufa wa maana, na nyuma yake ukuta uliobaki wazi ulikuwa umelowa na kulainika hata nilipoupitisha ukucha, chokaa na mchanga vilimwagika kama unga unaotoka kwenye mfuko uliotoboka. Ukuta ule una unene wa zaidi ya nusu mita. Ulijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa, mchanga na udongo mwekundu, na mafundi ambao hawakuwahi kushika mfuko wa saruji, nao ulisimama kwa zaidi ya miaka 100 bila kudai kingine isipokuwa kupakwa chokaa upya mara kwa mara. Saruji ilikuwa imekaa juu yake kwa miaka 9 tu.

Mimi ni mwalimu wa kemia katika shule ya sekondari hapa Unguja, na kila mwaka huandika ubaoni namna jiwe la chokaa linavyogeuka kuwa chokaa hai, chokaa hai ikazimwa kwa maji, na chokaa iliyozimwa ikarudi kuwa jiwe. Wanafunzi wangu huyashika mambo haya vizuri na huyajibu vizuri katika mitihani. Hata hivyo, fundi alipokuja miaka ile na kusema kwamba ukuta wa bibi unahitaji lipu ya saruji ili utulie, nilimkubalia na nikamlipa, kwa sababu somo lilikuwa ubaoni na ukuta ulikuwa nyumbani, na mimi sikuwa nimevikutanisha. Naandika makala haya ili nivikutanishe, nikianza na elementi yenyewe, kwa kuwa mabaya yaliyoupata ukuta ule, na mema yaliyoutangulia, yote ni habari za kalsiamu.

Kalsiamu ni elementi ya 20 katika jedwali la elementi. Imo katika kundi la pili, ambalo vitabu vyetu huliita kundi la metali za udongo alkali, pamoja na beriliamu, magnesiamu, strontiamu, bariamu na radiamu. Atomu za kundi hili zote zina elektroni mbili katika ganda la nje kabisa, na zote zina tabia ya kuziachia elektroni hizo kwa urahisi. Ndiyo maana hakuna mahali popote duniani ambapo mtu atachimba na kukuta bonge la kalsiamu tupu, ingawa ni elementi ya tano kwa wingi katika gamba la dunia. Hukutwa ikiwa imeshaungana na kitu kingine: na hewa ukaa katika mawe ya chokaa na matumbawe, na salfa katika jasi, na fosforasi katika mifupa.

Metali yenyewe nimeiona mara moja, nilipokuwa chuoni. Mhadhiri wetu alitoa kipande kidogo kwa koleo, akakifuta mafuta kwa karatasi, akakikwangua kwa kisu. Chini ya utando wa kijivu paling'aa rangi ya fedha, na kabla hatujamaliza kusogea ili tuone, mng'ao ule ulikuwa umeanza kufifia. Kisha akakidondosha katika bika la maji. Kilizama kwanza, kwa kuwa kina uzito wa gramu 1.55 kwa kila sentimita moja ya ujazo, yaani ni chepesi kuliko alumini lakini kizito kuliko maji, halafu mapovu ya haidrojeni yakakizingira na kukiinua, kikashuka tena, kikainuka tena, huku maji yakigeuka meupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Mhadhiri alituambia tuchovye karatasi ya litimasi, ambayo hugeuka buluu ikikutana na alkali, nayo ikawa buluu papo hapo. Yale maji meupe yalikuwa maji ya chokaa. Mbele ya macho yetu, metali ambayo hatukuwahi kuiona ilikuwa imegeuka kuwa kitu ambacho kila mmoja wetu alikikuta nyumbani kwao alipozaliwa.

Binadamu alikwenda njia hiyo kinyume, kutoka kwenye chokaa hadi kwenye metali, na ilimchukua maelfu ya miaka. Watu walichoma chokaa tangu zama za kale kabisa bila kujua kwamba ndani yake imejificha metali. Mkemia Mfaransa Antoine Lavoisier alishuku mwaka 1789 kwamba chokaa hai huenda ni oksaidi ya metali isiyojulikana, lakini hakuwa na nyenzo ya kuivunja, kwa sababu oksijeni na kalsiamu hushikana kwa nguvu ambayo mkaa wa tanuri haukuweza kuishinda. Aliyeivunja ni Humphry Davy, jijini London, mwaka 1808, kwa kutumia umeme. Alipitisha mkondo katika chokaa iliyochanganywa na oksaidi ya zebaki, akapata mchanganyiko wa kalsiamu na zebaki, kisha akaifukuza zebaki kwa moto. Jina alilitoa katika neno la Kilatini lenye maana ya chokaa, calx. Hivyo hata jina la kitaalamu la elementi hii, ukilifunua, ndani yake utakuta chokaa.

Metali tupu ina kazi zake, ingawa si nyingi. Viwanda vya chuma huitumia kuondoa oksijeni na salfa katika chuma kilichoyeyuka. Hutumika pia kuzitoa metali nyingine katika madini yake, kama vile zirkoni na urani. Kiasi kidogo huchanganywa na risasi katika bamba za betri za magari, hasa zile ambazo mwenye gari hatakiwi kuziongeza maji. Lakini uzito wa habari hii haumo katika metali tupu. Umo katika chokaa.

Nikiwa mtoto nilipelekwa na mjomba kuona tanuri la chokaa katika kijiji cha pwani ya kusini. Nilitarajia kuona jengo, kwa sababu neno tanuri lilinijengea picha ya nyumba yenye bomba la moshi, kumbe lilikuwa rundo la duara lililopangwa kwa magogo. Magogo yalilazwa kama mikono ya gurudumu, ncha zikitazamana katikati, tabaka juu ya tabaka, hadi yakafika kifua cha mtu mzima, na juu yake yakapangwa mawe ya matumbawe, makubwa chini na madogo juu. Moto uliwashwa kutoka katikati jioni. Uliwaka usiku kucha, na asubuhi rundo lilikuwa limetitia, magogo yamekwisha, na mawe yaliyoingia kijivu yalikuwa meupe, mepesi, yamejaa nyufa. Mjomba alinikataza kabisa kuyagusa. Alichukua jiwe moja kwa sepetu, akaliweka pembeni, akalimwagia kikombe cha maji. Kwa muda wa kupumua mara mbili au tatu halikufanya kitu. Halafu lilianza kutoa sauti ya mchemko, likapasuka, mvuke ukapanda, na mahali pa jiwe pakabaki kilima cha unga mweupe na laini kuliko unga wa ngano.

Leo naweza kuieleza hesabu ya mambo niliyoyaona siku ile, na nikiri kwamba bado hunifurahisha kila ninapoifundisha. Matumbawe ni kalsiamu kabonati. Ukichukua kilo 100 za kalsiamu kabonati tupu na kuzichoma katika joto linalokaribia nyuzi 900 za selsiasi, kilo 44 huondoka kama hewa ukaa na kupotea angani, nawe hubakiwa na kilo 56 za chokaa hai. Ndiyo maana jiwe lililokuwa zito jioni lilikuwa jepesi asubuhi. Ukizimimina kilo 18 za maji juu ya kilo hizo 56, maji hayo hayabaki kuwa maji. Huingia ndani ya chokaa yenyewe, nawe hupata kilo 74 za chokaa iliyozimwa, ikiwa kavu. Joto linalotoka wakati huo ni kubwa kiasi cha kuyachemsha maji yaliyozidi, na ndilo lililomfanya mjomba anikataze. Kisha chokaa iliyozimwa ikipakwa ukutani huanza kuivuta tena hewa ukaa kutoka katika hewa tunayoivuta sisi, na polepole huyatoa yale maji ya kilo 18 na kuzirudisha zile kilo 44, mpaka ziwe tena kilo 100 za kalsiamu kabonati. Jiwe huondoka baharini, hupita motoni, hupita majini, na hurudi kuwa jiwe ukutani, kwa umbo ambalo fundi amelitaka.

Sitaki kuficha gharama yake. Tanuri la namna ile hula magogo mengi sana, na zamani mengi yalitoka katika misitu ya pwani na mikoko, na mahali pengine watu walitoa matumbawe hai baharini, jambo ambalo ni hasara kubwa kwa samaki na kwa ufukwe unaolindwa na miamba hiyo. Jiwe la chokaa lililokaa nchi kavu kwa maelfu ya miaka lina kemia ileile na halihitaji kuua kiumbe chochote cha baharini. Anayetaka chokaa leo aitafute huko.

Bibi yangu alikuwa na chokaa yake mwenyewe, mbali na ya ukutani. Aliiweka katika kijaluba cha shaba, pamoja na popoo iliyokatwa kwa mkasi wake maalumu na kipande cha katu, yaani utomvu wa mti uliokaushwa, na jani la tambuu lilikuwa karibu likiwa limefungwa katika kitambaa kibichi. Alichukua chokaa kwa ncha ya kidole cha shahada, kiasi kidogo sana, akalipaka jani kwa mstari mmoja, akalikunja. Akikosea na kuizidisha, ulimi ulimwasha siku nzima. Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba wekundu wa midomo yake ulitoka katika popoo peke yake. Ukweli ni kwamba popoo ikitafunwa bila chokaa haitoi rangi ile. Ni ukali wa chokaa, ambao kwa vipimo vya kemia hufikia pH, yaani kipimo cha uchachu na ualkali, ya takribani 12.4 katika maji yaliyoshiba chokaa, unaozibadilisha kemikali za popoo na katu ziwe nyekundu. Rangi ile kwa hiyo ilikuwa jaribio la maabara lililofanyika kinywani mwa bibi kila alasiri. Uraibu huu, nilimwambia mara nyingi na sasa nauandikia wengine, si wa salama: popoo imethibitishwa kusababisha saratani ya kinywa. Bibi alinisikiliza kwa heshima kama mwalimu, kisha akanijibu kama mjukuu wake, "Mjukuu wangu, nimechelewa kuacha."

Bibi huyo huyo ndiye aliyenifanya niitazame kalsiamu kwa upande wa mwili. Alipokuwa na miaka zaidi ya 80 aliteleza ukumbini na akavunjika nyonga. Mwili wa mtu mzima una takribani kilo moja ya kalsiamu, na asilimia 99 yake imo katika mifupa na meno ikiwa imeungana na fosfeti. Ile asilimia moja inayobaki ndiyo ambayo mwili hauwezi kuikosa hata kwa dakika chache, kwa sababu imo katika damu na katika seli, na bila hiyo misuli haijikunji, damu haigandi na moyo haupigi. Daktari Mwingereza Sydney Ringer aliligundua jambo hili miaka ya 1880 kwa bahati iliyosababishwa na maji. Moyo wa chura aliokuwa akiufanyia uchunguzi uliendelea kupiga vizuri katika maji ya chumvi, na baadaye, maji yale yalipotengenezwa kwa maji yaliyotoneshwa, yaani yaliyosafishwa hata madini yake yakatoka, moyo ukadhoofika na kusimama. Alipofuatilia aligundua kwamba mwanzoni yalikuwa yametengenezwa kwa maji ya bomba ya London, ambayo yana kalsiamu. Ukiingia wodini leo na kusikia muuguzi akisema mgonjwa atundikiwe Ringa, ni jina lake hilo, na katika chupa ile kuna chumvi kidogo ya kalsiamu. Bibi alitundikiwa.

Chakula kikikosa kalsiamu, mwili hauruhusu damu ipungukiwe. Huenda kuichukua katika mifupa. Kwa hiyo mfupa ni nguzo na ni ghala kwa wakati mmoja, na mwanamke aliyekoma hedhi hutolewa katika ghala hilo kwa kasi kuliko anavyoweka. Nawaambia wanafunzi wangu wa kike wale dagaa wakavu wazima, pamoja na mifupa yao, wakiwa bado wana umri wa kujenga ghala. Maziwa ni mazuri pia kwa anayeyapata. Huu si ushauri wa daktari, ni hesabu ya mwalimu wa kemia aliyeiona nyonga ya bibi yake katika picha ya eksirei, mfupa ukionekana mwembamba na wenye kivuli hafifu, tofauti na weupe uliotarajiwa.

Kazi nyingine za kalsiamu nitazipita haraka, si kwa kuzidharau. Chaki ninayoishika kila asubuhi kwa kawaida ni jasi, yaani kalsiamu salfeti yenye maji ndani yake, na jasi ya aina hiyo huchimbwa Tanzania Bara, Itigi na Makanya. Jasi ikichomwa kidogo hupoteza sehemu ya maji na kuwa unga ule wanaoutumia hospitalini kufungia mfupa uliovunjika. Ukiulowesha huyanywa maji yake tena na kuganda. Mkulima mwenye shamba lenye udongo mchachu huumwagia chokaa ili uchachu upungue. Poda ya klorini inayotumika kutibu maji ya visima mara nyingi ni chumvi ya kalsiamu. Na kuna jambo moja linalonipa fahari kila ninapolifundisha: katika lava ya Ol Doinyo Lengai, mlima wa volkano ulioko kaskazini mwa Tanzania, kuna madini ya kabonati ya sodiamu na kalsiamu yanayoitwa nyerereiti, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Lengai ndiyo volkano hai pekee duniani inayotoa lava ya aina hiyo. Lava yake hutoka ikiwa nyeusi, kwa joto lisilozidi nyuzi 600 hivi, karibu nusu ya joto la lava za volkano nyingi, na ikikutana na unyevu wa hewa hugeuka nyeupe.

Narudi ukutani. Mji wa Kilwa Kisiwani una Msikiti Mkuu ambao sehemu zake za kale kabisa ni za karne ya 11, na una magofu ya Husuni Kubwa, kasri lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14 na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye utawala wake ndio alioukuta msafiri Ibn Battuta alipofika mwaka 1331. Nilikwenda huko mara moja pamoja na walimu wenzangu. Watu walitazama kuba na matao, na mimi nilitumia muda mrefu nikiwa nimeinama kwenye kiungio kati ya mawe mawili. Chokaa ile ina miaka mia kadhaa. Imeshakuwa jiwe, na mahali pengine mvua imelila jiwe lenyewe na kukiacha kiungio kimesimama. Mafundi waliofanya kazi ile hawakujua habari za Davy wala za atomu, lakini walijua mambo ambayo mimi mwenye shahada sikuyajua nilipokuwa nikimlipa fundi wa saruji: kwamba chokaa lazima ikae muda mrefu baada ya kuzimwa kabla haijatumika, kwamba hupakwa kwa tabaka nyembamba, na kwamba lazima ipewe muda kati ya tabaka na tabaka.

Saruji nayo ni mtoto wa kalsiamu, na sina ugomvi nayo mahali pake. Joseph Aspdin alipata hataza ya saruji ya Portland nchini Uingereza mwaka 1824. Hutengenezwa kwa kuchoma jiwe la chokaa pamoja na udongo wa mfinyanzi katika joto la nyuzi 1,450 hivi, na katika joto hilo kalsiamu huungana na silika ya udongo. Mchanganyiko huo ukikutana na maji hushikana nayo ndani ya saa chache, hata chini ya bahari, bila kuingoja hewa. Hapo ndipo njia za ndugu hawa wawili zinapoachana: chokaa huganda kwa kuivuta hewa, taratibu, kwa miezi na miaka, nayo hubaki na vinyweleo vingi, yaani vitundu vidogo vya kupitisha hewa na unyevu, saruji huganda kwa maji, upesi, nayo hubana. Kwa daraja, kwa tangi na kwa ghorofa ya nguzo za nondo, ubanaji huo ndio tunaoutaka.

Nyumba za Mji Mkongwe, kama ya bibi, hazikujengwa kwa hesabu hiyo. Jiwe la matumbawe lina matundu mengi, na ukuta hauna msingi wa kuzuia maji ya ardhini, kwa hiyo maji hupanda ndani yake kama mafuta yanavyopanda katika utambi, yakibeba chumvi. Katika ukuta uliopakwa chokaa maji hayo hutoka nje na kukauka kwa jua na upepo, na chumvi huachwa juu ya lipu, ambayo huchoka, hukwanguliwa, na hupakwa nyingine. Lipu ilikuwa sadaka ya ukuta. Ukuta ukicheza kidogo kwa kutitia kwa udongo, chokaa hukubali kucheza nao, na nyufa ndogo hujiziba, kwa sababu maji ya mvua huyeyusha chokaa kidogo na kuiacha tena ndani ya ufa. Ukiuvika ukuta huo saruji, maji hayaachi kupanda. Hukosa pa kutokea. Hupanda juu zaidi, hulowesha chokaa ya ndani mpaka inakosa mshiko, huifikia miisho ya boriti zilizoingizwa ukutani na kuiozesha, na chumvi hujijenga kuwa fuwele nyuma ya lipu, zikiisukuma kutoka ndani. Lipu ya bibi haikuanguka kwa udhaifu. Ilikuwa ngumu kuliko kitu ilichokishikilia.

Fundi mzee niliyemwita baada ya tukio lile alinieleza haya yote kwa sentensi moja. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaugonga ukuta kwa mpini wa mwiko katika sehemu ambazo saruji bado ilikuwa imeshika, akiusikiliza mlio: tupu, tupu, tupu, pamejaa, tupu. Kisha akageuka. "Mwalimu," akaniambia, "ukuta huu ulikuwa ukipumua, nanyi mmeuziba pua." Nilitaka kumweleza kwamba nimelielewa jambo hilo kwa njia ya vinyweleo na mvukizo, nikaona si mahali pake. Niliuliza tu tufanye nini.

Tulibandua saruji yote, chumba kizima, kwa patasi na nyundo ndogo ili tusiuumize ukuta zaidi. Tuliuacha uchi kwa miezi mitatu, madirisha wazi, nami nilikuwa nikipita kila Ijumaa baada ya sala kuufagia unga wa chumvi uliojitokeza kama manyoya meupe kwenye mawe. Wakati huo chokaa yetu ilikuwa katika pipa uani. Tuliizima wenyewe, na fundi hakuniruhusu kuyamwaga maji juu ya chokaa kwa pupa. Alitaka chokaa iingizwe katika maji kidogo kidogo, huku sote tumevaa miwani, kwa sababu tone moja la chokaa inayochemka likiingia jichoni huweza kumpofusha mtu. Baadaye ilitulia ikawa uji mzito kama mtindi, ikifunikwa na maji ya sentimita kadhaa ili hewa isiifikie. Juu ya maji yale paliumbika kila siku utando mwembamba, unaokatika kwa kidole kama ganda la yai. Nilikichukua kipande cha utando ule na kukipeleka darasani. Ulikuwa kalsiamu kabonati, jiwe linalozaliwa juu ya pipa, palepale chokaa na hewa zinapokutana. Katika miaka yangu yote ya kufundisha sikuwahi kupata kifaa cha kufundishia kizuri kuliko kile.

Fundi alianza kwa kutomea, akijaza mashimo kwa vijiwe na chokaa nzito, kisha akapaka tabaka ya kwanza isiyozidi sentimita moja, akaitunza kwa kuinyunyizia maji asubuhi na jioni chini ya magunia yaliyoloweshwa, kwa kuwa chokaa ikikauka upesi kabla ya kuivuta hewa hubaki unga. Tabaka ya pili ilifuata baada ya wiki kadhaa. Majirani waliniuliza mara nyingi kwa nini chumba kimoja kinachukua miezi ambapo fundi wa saruji angekimaliza kwa siku nne, na nilikuwa nikiwaingiza ndani na kuwaonyesha.

Wiki iliyopita nilikwenda na chupa ndogo ya fenolifthalini kutoka maabara ya shule. Kimiminika hiki hakina rangi, lakini kikigusa chokaa ambayo bado haijarudi kuwa jiwe huwa waridi iliyokolea, na kikigusa kalsiamu kabonati hubaki kama maji. Nyuma ya kabati la bibi, mahali pasipoonekana, nilikata kipande cha lipu chenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, nikakigeuza ubavu, nikakidondoshea tone moja. Sehemu ya ndani yote ilikolea waridi. Kwenye ukingo wa nje, upande unaotazama chumba, ulibaki mstari mweupe wenye unene wa milimita nne hivi. Fundi aliinama akautazama kwa muda, akaniuliza ule mstari una maana gani, nami nikamwambia kwamba hapo limeshakuwa jiwe.

"Na hapo penye rangi?"

"Hapo bado, mzee wangu."

Akanirudishia kile kipande, akaenda kufungua dirisha la pili.